Zamu ya Nani? Wakomoro na Serikali Yao

Bismillahi Rahmani Rahim. Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, vijana mliokuja na madaftari, na nyinyi mliosikia kwamba kutakuwa na chai mkaja, asalaam alaykum.

Nimeombwa nizungumzie watu na serikali katika taifa dogo la visiwa. Ningeweza kukimbilia Tuvalu au Nauru nikasema nitakalo bila mtu kunisuta. Nimechagua Komoro. Hapa Unguja nyumba nyingi za mjini zina bibi wa Kingazija au mjomba aliyezikwa Moroni, kwa hiyo nikiteleza nitasahihishwa kabla sijashuka jukwaani.

Mwaka 2002 nchi hiyo, yenye watu wasiofika laki saba wakati huo, ilikuwa na marais wanne. Mmoja wa Muungano, yaani nchi nzima, na mmoja wa kila kisiwa: mmoja wa Ngazija, mmoja wa Nzwani, mmoja wa Mwali. Kila mmoja ana mawaziri wake, walinzi wake na gari lake la bendera. Mjini Moroni walikaa wawili, rais wa Muungano na rais wa Ngazija, wakivutana nani akusanye ushuru na nani awaamrishe askari. Aliyetazama kutoka nje alicheka.

Leo nimekuja kukitetea kichekesho kile. Katika yote waliyoyajaribu Wakomoro tangu wapate bendera, mpango uliozaa marais wanne, na pamoja nao urais wa zamu, kisiwa baada ya kisiwa, ndio uliougusa ugonjwa wenyewe. Na ugonjwa wenyewe si umaskini, si udogo, wala si Wafaransa peke yao. Ni hofu ya kisiwa kidogo kumezwa na kikubwa. Nadhani kwa hadhira ya Unguja sina haja ya kulifafanua hilo.

Visiwa ni vinne. Ngazija ndiyo kubwa, na ndiko uliko mji mkuu, Moroni, na mlima wa moto wa Karthala, mita 2,361, ambao haujalala. Nzwani ni ya milima mikali na mashamba yaliyobanana. Mji wake, Mutsamudu, una vichochoro vya mawe ambavyo mtu wa Shangani hawezi kupotea ndani yake. Mwali ni ndogo. Ya nne ni Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte. Katika bendera ya Komoro nyota zake ni nne na Maore imo. Katika utawala haimo.

Sensa ya 2017, bila Maore, ilihesabu watu takriban 758,000. Ngazija 379,000. Nzwani 327,000. Mwali 51,000. Zishikeni namba hizi tatu, maana siasa yote ya Komoro imo ndani yake. Kwa kura za kawaida, kichwa kimoja kura moja, Mmwali hawi rais mpaka Kiyama.

Tuanze na Maore, kwa sababu hapo ndipo mpasuko wa kwanza ulipotokea, na kwa sababu tumezoea kuisimulia habari yake nusu.

Nusu tunayoisimulia ni hii. Mwaka 1841 Andriantsoly, mtawala aliyetoka Madagaska, aliwapa Wafaransa Maore. Visiwa vitatu vingine viliingia chini ya himaya yao mwaka 1886. Tarehe 22 Desemba 1974 visiwa vyote vilipiga kura ya uhuru, na zaidi ya tisa katika kila watu kumi wakasema ndiyo. Maore karibu theluthi mbili walisema hapana. Ufaransa ikaamua kuhesabu kisiwa kimoja kimoja, ikaibakiza Maore, na Februari 1976 suala lilipofika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Ufaransa ikapiga kura ya turufu. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limesema mara nyingi kwamba Maore ni ya Komoro. Mwaka 2011 Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Hayo ni kweli, na kura ile ya turufu ni aibu.

Nusu ya pili hatupendi kuisema. Kwa zaidi ya miaka mia moja makao ya serikali ya kikoloni yalikuwa Dzaoudzi, yaani Maore. Mwaka 1958 wakubwa wa visiwa waliamua kuyahamishia Moroni, na katika miaka ya sitini ofisi zikaondoka kweli: mafaili, mishahara, kazi, na waume waliozifuata kazi. Waliobaki na soko lisilo na wanunuzi walikuwa wanawake. Wakajikusanya, na mbele yao akiwemo mama mmoja aitwaye Zéna M'Déré, wakabuni silaha ambayo sijaisoma katika historia ya nchi nyingine yoyote. Ofisa akiteremka kutoka Moroni, wanamzunguka, wanamtekenya. Wanamtekenya mbavu na makwapa mpaka heshima yote imwishe na arudi botini. Cheka, lakini fikiri: askari atampiga nani risasi kwa kosa la kutekenya?

Wanawake wale hawakuwa vibaraka wa Paris. Paris iliwatumia, hilo ni jambo jingine. Wao walikuwa wameona mji mkuu ukibebwa mchana kweupe ukapelekwa kisiwa kikubwa, na hakuna aliyewauliza. Tangu siku hiyo mpaka leo serikali ya Moroni imejibu hoja ya Ufaransa mara elfu, na imejibu hoja ya wanawake wale mara chache mno.

Gharama mnaijua. Tangu mwaka 1995 Mkomoro anahitaji viza kwenda Maore, safari ya kilomita 70 hivi kutoka Nzwani ambayo babu zake waliifanya kwenda kuposa. Wanakwenda usiku kwa kwasakwasa, mashua ndogo za faiba, na waliozama wanakadiriwa kwa maelfu. Kimbunga Chido kilipoipiga Maore tarehe 14 Desemba 2024, vibanda vya mabati vilivyopeperuka vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vya watu wa Nzwani.

Visiwa vitatu vilivyobaki vilitangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, chini ya Ahmed Abdallah, mfanyabiashara wa Nzwani. Hakumaliza mwezi. Tarehe 3 Agosti alipinduliwa, na baadaye akakamatwa Nzwani kwa msaada wa askari wa kukodiwa wa Kifaransa, Bob Denard. Mei 1978 Denard huyohuyo akamrudisha Abdallah huyohuyo. Novemba 1989 Abdallah akauawa kwa risasi katika ikulu yake, Denard akiwamo ndani. Mwaka 1995 Denard akatua tena, akamteka Rais Djohar, na safari hii Wafaransa wenyewe wakaja kumtoa Denard. Majaribio ya mapinduzi nchini humo, yaliyofaulu na yaliyoanguka, yanapita ishirini. Sitayataja yote, tutakosa chai.

Mtaniuliza: nchi yenye serikali ya namna hiyo imeishije? Watu walikula nini, nani alisomesha watoto?

Jibu, kwa Ngazija, liko bangweni. Bangwe ni kiwanja cha katikati ya kijiji chenye mabaraza ya mawe, na ndiyo serikali ambayo mtu wa kijijini huiona kila siku. Ngazija haina mto wa kudumu. Mvua inanyesha kwa wingi lakini jiwe la mlima wa moto linainywa, kwa hiyo vijiji vingi vinaishi kwa mabirika ya maji ya mvua. Karthala ilipotema majivu mwaka 2005, yaliingia katika mabirika hayo na watu wakakosa maji safi. Sasa, birika la kijiji nani alilijenga? Mara nyingi kijiji chenyewe. Shule? Zahanati? Barabara ya kuteremkia pwani? Aghalabu jibu ni hilohilo. Fedha zimetoka kwa wanakijiji walioko Marseille na Paris, na wanaoamua zitumikeje wamekaa bangweni. Fedha zinazotumwa na walio nje ni takriban sehemu moja katika tano ya pato la nchi. Miaka ya tisini wafanyakazi wa serikali walikaa miezi kadhaa bila mshahara, na nchi haikufa njaa.

Bangweni hapakaliwi ovyo. Wanaume wamepangwa kwa hirimu, yaani marika. Kila hirimu ina kazi yake na mahali pake pa kukaa: wadogo wanabeba na kuandaa, wakubwa wanasema. Kinachompandisha mtu akawa mdru mdzima, mtu mzima mwenye kauli, ni anda, harusi kubwa, yenye ng'ombe wa kuchinja, mchele wa kulisha kijiji kizima, dhahabu ya bibi harusi, na malipo kwa mfuko wa kijiji. Mwenye shahada zote za Paris ambaye hajafanya anda, akirudi kijijini atakaa na vijana, na hatatangulia kusema. Nyumba, kwa desturi, ni ya mwanamke. Mume ndiye anayehamia.

Wako wanaosema anda ni kuchoma mali. Siwezi kuwaambia wamekosea. Mtu anakusanya nusu ya umri wake kisha anamaliza kwa wiki mbili. Lakini angalieni jambo moja. Mtu wa Ngazija analelewa ndani ya utaratibu wa kungoja: hirimu ya mbele itapanda, yako itafuata, na hakuna hirimu inayobaki chini milele. Anavumilia kubeba masufuria leo kwa sababu anajua tarehe ya kukaa.

Mtu mmoja alijaribu kuuvunja utaratibu huo. Ali Soilih, bwana kilimo, ndiye aliyeibuka baada ya mapinduzi ya Agosti 1975. Nina heshima naye zaidi ya wenzangu wengi. Alitaka serikali iteremke vijijini, akaanzisha mudiria, makao ya utawala karibu na watu. Alizungumza nao kwa lugha yao, si Kifaransa. Alipiga marufuku gharama za anda. Pia alichoma nyaraka za serikali ya kikoloni, akawafukuza watumishi wa serikali, na akawapa vijana wa Kikosi cha Moissi, wanamgambo wake, mamlaka juu ya wazee. Hapo ndipo alipojimaliza. Katika nchi ya hirimu, kijana aliyeshika bunduki akimwamrisha mzee bangweni hakuonekana kuwa mwanamapinduzi. Alionekana mtu aliyeruka foleni. Denard aliposhuka ufukwe wa Itsandra usiku wa Mei 1978 akiwa na watu hamsini hivi, umati wa Moroni ulishangilia. Ali Soilih aliuawa wiki mbili hivi baadaye. Wakomoro wengi wanamsifu sasa. Wakati ule walikaa kimya.

Nirudi kwenye visiwa. Mfumo wa bangwe ninaousema ni wa Ngazija hasa. Nzwani na Mwali wana mila zao. Na shida ya Komoro ilikuwa hiyo: ndani ya kijiji kila mtu alikuwa na zamu, baina ya visiwa hapakuwa na zamu. Ofisi zote Moroni, balozi zote Moroni, msaada wote unatua Moroni. Mtu wa Nzwani akitazama mashariki usiku anaona mwelekeo wa Maore, ambako wakati huo mshahara ulitoka kila mwezi kwa faranga za Ufaransa.

Tarehe 3 Agosti 1997 Nzwani ikajitenga. Haikujitenga ili iwe huru, hapo ndipo watu walipopigwa na butwaa. Ilipandisha bendera ya Ufaransa, ikaomba itawaliwe tena. Ufaransa ikakataa. Mwali ikafuata kujitenga siku chache baadaye. Rais Taki akapeleka askari Nzwani, wakashindwa vibaya. Baadhi ya wasomi wetu waliwatukana watu wa Nzwani kwamba hawana haya. Mimi nasema walikuwa wanarudia, kwa sauti kubwa zaidi, maneno ya wanawake wa Maore.

Taki alifariki Novemba 1998. Aprili 1999 mazungumzo ya Antananarivo ya kuvipatanisha visiwa yalikwama, Wanzwani wakashambuliwa mitaani Moroni, na tarehe 30 Aprili Kanali Azali Assoumani akachukua nchi. Mapinduzi mengine, ungesema. Lakini kutokana na hayo kulipatikana mapatano ya Fomboni, yaliyotiwa saini tarehe 17 Februari 2001. Fomboni ni mji wa Mwali. Mkutano wa kuiokoa nchi ulifanyika katika kisiwa kidogo kuliko vyote, na sidhani mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ya hoteli.

Katiba ya Desemba 2001 iliweka mambo hivi. Kila kisiwa kijitawale kwa mambo yake. Urais wa Muungano uzunguke, miaka minne kila kisiwa. Kisiwa chenye zamu kinapiga kura ya mchujo peke yake, kinatoa wagombea watatu, kisha nchi nzima inachagua mmoja kati ya hao. Tazameni ufundi wake. Mmwali anachujwa na Wamwali, lakini ili ashinde lazima apendwe na Wangazija na Wanzwani. Na Wangazija, hata wakiwa nusu ya nchi, wanachoweza ni kuchagua Mmwali yupi.

Ngazija ilianza, na Azali akashinda mwaka 2002. Tarehe 26 Mei 2006 alimkabidhi Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru rais kuondoka kwa miguu yake na kumkuta mrithi aliyechaguliwa. Miaka thelathini na moja walingoja siku hiyo.

Sitaki kuwauzia zamu kama dawa isiyo na uchungu. Marais wanne walikula fedha ambazo nchi haikuwa nazo, na mwaka 2009 marais wa visiwa waliteremshwa wakawa magavana, sawa kabisa. Kanali Mohamed Bacar aligeuza Nzwani kuwa mali yake, akakataa kuondoka, mpaka askari wa Umoja wa Afrika, Watanzania na Wasudani wakiwa mbele, walipoteremka huko tarehe 25 Machi 2008 kusaidia jeshi la Komoro. Bacar akakimbilia, hamtashangaa, Maore. Na zamu ina kishawishi chake: kila anayeingia anajua kisiwa chake hakitarudi karibuni, basi anakula haraka. Wakati wa Sambi ndipo ulipoanza mpango wa kuwauzia uraia watu wasio na uraia wa nchi za Ghuba. Kesi ya Sambi juu ya mpango huo iliisha Novemba 2022 kwa kifungo cha maisha, ingawa mwenyewe alikana na hata namna mahakama ilivyokwenda ina maswali yake.

Lakini sikilizeni kilichotokea zamu ya Mwali ilipofika. Mwaka 2009 Sambi alipitisha kura ya maoni iliyorefusha muda wake, kutoka miaka minne hadi mitano. Wamwali, ambao kwa jumla ni watu elfu hamsini hivi, walitoka barabarani. Mahakama ya Katiba ikasikia. Mwaka 2010 pande zote zikakubaliana, uchaguzi ukafanyika mwishoni mwa mwaka huo, na Mei 2011 Ikililou Dhoinine wa Mwali akaapishwa. Mtu kutoka kisiwa chenye watu wasiofika saba katika kila mia alikaa ikulu mpaka 2016 na akaondoka siku yake. Kama kuna picha moja ya Komoro ningependa ipachikwe katika vitabu vya uraia vya Afrika, ni ya mtu huyo mkimya akikabidhi ofisi.

Aliyekabidhiwa alikuwa Azali, safari hii kwa kura, kwa tofauti isiyofika asilimia mbili na baada ya baadhi ya vituo vya Nzwani kurudia uchaguzi. Zamu ilikuwa imezunguka visiwa vyote vitatu ikarudi nyumbani. Iliyofuata, mwaka 2021, ilikuwa ya Nzwani.

Haikufika. Aprili 2018 Azali aliisimamisha Mahakama ya Katiba. Tarehe 30 Julai kura ya maoni, ambayo wapinzani waliisusia, ikaruhusu kisiwa kilekile kishike vipindi viwili vya miaka mitano mfululizo, na ikafuta makamu wa rais, ambao kila kisiwa kilikuwa na wake. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: miaka mitano ni michache kwa mtu mwenye mipango, na nchi ndogo haiwezi kila mara kuanza upya. Ningeisikiliza hoja hiyo kwa makini zaidi kama ingetolewa na rais wa Nzwani au wa Mwali. Oktoba mwaka huo watu wenye silaha walijifungia katika vichochoro vya mji mkongwe wa Mutsamudu, jeshi likauzingira, na watu wakafa. Azali akashinda 2019, akashinda tena Januari 2024, na matokeo yakafuatiwa na ghasia na amri ya kutotoka nje usiku.

Kwa katiba hiyohiyo ya 2018, kipindi chake cha pili kinaisha 2029 na urais utapaswa kuondoka Ngazija. Wakati huohuo, mwaka 2024 mwanawe alifanywa katibu mkuu wa serikali, mwenye kuratibu kazi za mawaziri. Nzwani wanahesabu. Walitakiwa kukaa mwaka 2021, wakaambiwa wangoje, nao wana jirani kilomita sabini mashariki ambaye amekuwa akiwaonyesha, tangu mwaka 1976, kisiwa kilichochoka kungoja kilifanya nini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona kuna mkono umenyanyuliwa kule nyuma tangu nilipowataja wanawake wa kutekenya, nadhani mwenye mkono huo ni mtu wa Maore. Tuanze na wewe, bibi.